DAFTARI LETU: HISTORIA FUPI YA KUKUNJA NA KUSHONA KARATASI



Katika kitabu hiki cha miaka kumi mtasoma habari za hisa, za mikopo, za mashamba ya kahawa yaliyopaliliwa kwa fedha za kikundi, na za watoto waliolipiwa mahitaji ya shule. Habari hizo tunaweza kuzisimulia leo kwa sababu ziliandikwa. Makala hii fupi inahusu pale zilipoandikwa, yaani daftari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata mali yenye daftari inaweza kupotea, kama daftari lenyewe ni bovu. Hilo sisi akina mama wa kikundi hiki tulijifunza kwa machungu, na ndiyo maana leo tunalishona wenyewe. Basi inafaa tujue kazi hii ya kukunja na kushona karatasi ilitoka wapi, ilifikaje huku Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, na inalindaje fedha zetu.

MANENO YENYEWE YANATUFUNDISHA

Tuanze na maneno tunayoyatumia kila siku ya mkutano. "Karatasi" limetoka katika Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa ni jina la karatasi ya mafunjo ya Misri. "Daftari" nalo limepita njia hiyo hiyo, na kwa Wayunani lilimaanisha ngozi iliyotengenezwa, kwa kuwa watu waliandika juu ya ngozi. "Jalada" linatokana na neno la Kiarabu la ngozi, maana vitabu vilivikwa ngozi.

Neno linalotuhusu zaidi ni "ukurasa". Leo tunasema ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, tukimaanisha upande mmoja wa karatasi. Lakini katika Kiarabu, neno lililozaa ukurasa lina maana ya fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja na kuingizwa moja ndani ya nyingine. Yaani kila tunapotaja ukurasa, tunataja mkunjo bila kujua. Kitabu hakikuanza kwa karatasi mojamoja zilizopangwa juu ya nyingine. Kilianza kwa karatasi iliyokunjwa katikati.

KUTOKA MISRI HADI SIYU

Zamani sana watu waliandika katika magombo, yaani karatasi ndefu inayoviringishwa kama mkeka. Ukitaka habari iliyoko katikati, huna budi uviringue lote. Baadaye watu wakagundua kwamba ukikunja karatasi na kuzishona penye mkunjo, unaweza kufungua popote unapotaka.

Mwaka 1945 huko Nag Hammadi, Misri, vilipatikana vitabu 13 vya zamani vya mafunjo, vya karne ya nne hivi. Vingi vilitengenezwa kwa fungu moja tu kubwa: karatasi nyingi zimepangwa, zikakunjwa kwa pamoja, zikashonwa katikati. Ubaya wa fungu kubwa ni huu: karatasi za ndani husukumwa nje, na ukizisawazisha kwa kisu, kurasa za ndani zinakuwa nyembamba kuliko za nje. Kila aliyejaribu kukunja karatasi ishirini kwa mara moja anayajua hayo. Jambo jingine la kufurahisha ni kwamba, ili majalada yawe magumu, mafundi wale walibandika ndani yake makaratasi chakavu, zikiwemo barua na hesabu za watu. Kumbe na wao walikuwa hawatupi kitu, kama sisi na mifuko yetu ya saruji!

Dawa ya tatizo la fungu kubwa ilikuwa ni kutengeneza mafungu madogo mengi na kuyaunganisha kwa uzi mgongoni. Mafundi wa Ethiopia wanashona hivyo mpaka leo, kwa ngozi na mbao, mshono ukishikana kama mnyororo. Waandishi wa nchi za Kiislamu walizoea fungu la karatasi tano, ambazo zikikunjwa hutoa kurasa 20.

Ufundi huo ulikuwepo pia katika pwani yetu ya Waswahili. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa wanazuoni wake, kwa kunakili Kurani kwa mkono, na kwa kazi za ngozi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba kutengeneza kitabu ni jambo geni kwa Afrika Mashariki. Huku kwetu bara ndiko kulikochelewa.

VITABU VINAFIKA NYASA NA UMATENGO

Katika upande wetu wa ziwa, vitabu vilikuja kwa wingi pamoja na misheni. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilijikita kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, na kutoka huko ilihudumia vijiji vya pwani ya mashariki kwa meli. Likoma kulikuwa na mtambo wa kuchapa, na vitabu vya Chinyanja vilivyotoka huko vilisomwa pande zote za ziwa. William Percival Johnson, aliyefanya kazi ziwani kwa zaidi ya miaka 40 na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Chinyanja, alifariki Liuli mwaka 1928 na kaburi lake liko huko huko.

Upande wa milimani walikuja Wabenediktini. Walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Peramiho ikaja kuwa na kiwanda cha uchapaji, na vitabu vyake vya Kiswahili vimeingia katika nyumba nyingi za mkoa wa Ruvuma.

Sasa hebu tutazame kazi inayofanyika katika kiwanda cha vitabu. Mtambo hauchapi ukurasa mmoja mmoja. Unachapa karatasi kubwa, upande huu na upande huu, halafu karatasi inakunjwa. Ukiikunja mara moja unapata kurasa 4. Ukiikunja mara mbili, kurasa 8. Mara tatu, kurasa 16. Kisha mafungu yanapangwa, yanashonwa, yanakatwa kingo, yanavikwa jalada. Kitabu cha sala kilichoshonwa hivyo kinaweza kudumu kuliko mwenye nacho.

HESABU ZA DUKANI BILA RULA

Kulikuwa na daftari jingine pia, nalo ni la wenye maduka. Wafanyabiashara wa Kihindi waliofika Zanzibar na pwani, na baadaye wakaingia bara, walikuja na utaratibu wao wa hesabu. Kitabu chao cha jadi kilikuwa kirefu na chembamba, kimevikwa kitambaa chekundu na kushonwa kwa uzi mweupe. Kila mwaka wakati wa Diwali walifungua kitabu kipya na kukiombea.

Mpaka hapo ni desturi tu, lakini kuna ufundi mmoja tunaopaswa kuuiga. Karatasi za kitabu hicho hazikuwa na mistari. Ili kupata safu za kuandikia, walizikunja! Ukikunja karatasi katikati, ukakunja tena katikati, ukakunja mara ya tatu, halafu ukaifungua, unaona alama za safu nane zilizo sawa kabisa. Huhitaji rula wala kalamu ya kupigia mistari. Mkunjo haukosei, kwa sababu kila mara unagawa nusu kwa nusu.

AKINA MAMA NA KALAMU

Tukubali kwamba kwa miaka mingi madaftari hayo hayakuwa ya kwetu. Katika vyama vya ushirika, tangu enzi za NGOMAT katika miaka ya 1930, mazao yalipimwa na kuandikwa, lakini mara nyingi jina lililoandikwa lilikuwa la baba. Mama alilima ngoro, akapanda, akapalilia, akachuma kahawa, akaibeba kichwani. Risiti ikaingia mfuko wa shati la mwingine.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ikaendelea nchi nzima mpaka mitihani ya taifa ya mwaka 1975. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67. Mwaka 1975 walishuka hadi asilimia 39. Nyuma ya tarakimu hizo walikuwepo mama zetu na bibi zetu, waliotoka shambani jioni, mtoto mgongoni, wakaenda kushika kalamu chini ya mwembe.

Halafu ikaja shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa hali ngumu ya uchumi, sabuni ilikuwa haba, chumvi haba, na madaftari vilevile. Mwenye watoto watatu shuleni aligawa daftari moja. Hapo ndipo watu wengi walipojifunza kuokoteza karatasi zilizoandikwa upande mmoja, kuzikunja, na kuzishona kwa uzi wa cherehani. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza kuzalisha kwa misonobari ya nyanda zetu za juu, na hali ikawa nafuu. Lakini mikono iliyojifunza kushona haikusahau.

VIKUNDI NA KUMBUKUMBU ZAKE

Akina mama walikuwa na upatu tangu zamani. Katika upatu kumbukumbu ni kichwani, na kwa watu kumi wanaojuana inatosha. Mtindo wa vikundi vya hisa kama chetu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Wao waliweka hesabu kwa kukariri kwa pamoja mkutanoni. Mtindo ukasambaa Afrika, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 ukaingia Zanzibar na Tanzania bara. Kwetu ukaja na sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa akina mama watatu tofauti, na kila mwanachama akawa na kitabu chake kidogo cha hisa.

Kufuli tatu ni jambo zuri. Lakini tazameni: kufuli inalinda noti zilizomo sandukuni, na sehemu kubwa ya fedha zetu haimo sandukuni. Imo mikononi mwa wakopaji. Fedha hiyo inaishi katika daftari peke yake.

UKURASA ULIOPOTEA

Wanachama wa mwanzo wanakumbuka mwaka wetu wa pili. Siku ya kugawana ilifika, watu wamevaa vizuri, wali umeshapikwa. Katibu akafungua daftari ili asome mikopo, ukurasa mmoja haupo. Ulikuwa na mikopo ya wiki mbili na marejesho yake. Daftari lilikuwa la dukani, la karatasi zilizobandikwa gundi mgongoni. Karatasi ya namna hiyo ukiivuta inatoka nzima, na haiachi hata alama.

Jamani, siku ile haikuwa ndogo. Mmoja alisema amelipa, mwingine akasema hajalipa. Maneno yakatoka ambayo hayakupaswa kutoka. Kikundi kilikaa vikao vinne, tukalinganisha vitabu vidogo vya wanachama, tukapata sehemu ya ukweli. Pengo lililobaki tulilibeba wote kwa kupunguza gawio. Wenzetu wawili wakaondoka, na mpaka leo hawajarudi. Hatuandiki haya ili kumnyooshea mtu kidole. Tunaandika kwa sababu kikundi kilikaribia kufa, na sababu ilikuwa tone la gundi.

Katika kikao cha nne bibi mmoja, mwanachama wetu aliyesoma kisomo enzi zile, aliuliza swali moja: "Kwani hamjui kushona?" Akaomba karatasi nne, akazikunja, akazitoboa kwa msumari, akazishona mbele yetu. Kisha akamwambia mweka hazina, haya, chana moja. Mweka hazina akachana karatasi ya tatu. Na ya sita ikachomoka, ikabaki inaning'inia. Watu wakapiga makofi.

Siri yake ni hii. Karatasi nne zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine zinatoa nusu nane. Nusu ya kwanza na ya nane ni karatasi moja. Ya pili na ya saba ni moja. Ya tatu na ya sita, ya nne na ya tano, vivyo hivyo. Ukijumlisha namba za nusu mbili zilizoungana daima unapata tisa. Mtu akichana moja, mwenzake analegea na kutoa ushahidi. Akitoa karatasi nzima, namba zinaruka. Kwa hiyo kurasa zinatiwa namba zote kabla ya kuandika hata jina moja. Wala si busara yetu pekee: sheria ya biashara ya Ufaransa ya mwaka 1807 ilitaka kurasa za vitabu vya mfanyabiashara zitiwe namba na kuthibitishwa na ofisa.

JINSI TUNAVYOLITENGENEZA

Kwa faida ya vikundi vijavyo, tunaandika utaratibu wetu.

1. Karatasi. Tunachukua karatasi kubwa 28 za A3. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja, kama mbao. Pinda karatasi polepole bila kuivunja, kwanza huku, kisha huku. Upande unaokubali kwa urahisi ndio wa nyuzi. Mkunjo wa mgongo ufuate nyuzi. Hii ni muhimu hasa kwa wenzetu wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, maana karatasi ikipata unyevu wa ziwa hutanuka kuvuka nyuzi zake. Ukikosea upande, daftari linajikunjakunja mgongoni na halifungiki vizuri.

2. Kukunja. Kila karatasi ikunjwe katikati, kona kwa kona, na mkunjo ukandamizwe kwa mgongo wa kijiko. Ingiza nne nne. Utapata mafungu 7, jumla kurasa 112. Sisi hukutana mara 52 kwa mwaka, kila mkutano kurasa mbili zinazotazamana, ndizo 104. Nane zinazobaki ni za majina, kanuni na hesabu ya kugawana.

3. Kutoboa na kushona. Toboa matundu kwenye mkunjo kwa kipimo kimoja, ili mafungu yote yalingane. Uzi uwe wa pamba, uliopakwa nta ya nyuki. Msitumie mshipi wa kuvulia. Ni imara lakini unakata karatasi kama wembe. Sindano iingie na kutoka tundu kwa tundu. Ukianza fungu jipya, ipitishe kwanza chini ya mshono wa fungu lililotangulia, ndipo irudi ndani. Hivyo mafungu yanashikana kama mnyororo. Pini za chuma tumeziacha, kwa sababu huku ziwani zinapata kutu na kuila karatasi.

4. Jalada. Boksi gumu, karatasi ya mfuko wa saruji, na kitenge juu. Gundi ni uji mzito wa wanga wa muhogo uliopikwa vizuri. Lilaze chini ya jiwe zito mpaka likauke kabisa.

5. Safu. Kunja kila nusu mara mbili kuelekea mgongoni. Ukifungua, kurasa mbili zinazotazamana zina safu nane: jina, hisa, mfuko wa jamii, mkopo, marejesho, riba, faini, sahihi. Asiyejua kusoma vizuri anajua safu yake ni ya ngapi, na anaweza kuifuata kwa kidole.

6. Namba. Kurasa zote zinatiwa namba mbele ya mkutano, na wanachama watatu wanaweka sahihi ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

HITIMISHO

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya kijamii kama chetu na kuviweka daraja la nne. Kumbukumbu safi sasa si hiari. Vijana wetu wanatuambia tutumie simu, na ni vema, tunatuma fedha kwa simu na tutaendelea. Lakini simu ni ya mtu mmoja, na ikizimika chaji mkutano mzima unamsubiri yeye. Daftari liko wazi mezani, kila mama analiona, na anaweza kuligusa.

Tangu tulipoanza kushona, hatujapoteza ukurasa. Madaftari yote yaliyoshonwa yapo sandukuni, yamepangwa kwa miaka, na mwanachama yeyote ana haki ya kuomba afunguliwe na kusoma jina lake. Tunawaomba wanachama wapya wajifunze kazi hii mapema, kila mwaka wawili wawili, wakikaa na wanaoijua. Siku ya kushona daftari la mwaka wa kumi na moja itatangazwa mkutanoni. Kila mmoja aje na sindano yake, na mwenye nta ya nyuki asisahau kuileta.